Kabla ya maua na chokoleti, Valentine ilikuwa maneno: chimbuko la Siku ya Wapendanao (uzi mrefu)

MwalimuMikese:

Wakuu, salaam.

Kila ikifika wiki ya kwanza ya Februari wanafunzi wangu huniuliza swali lile lile: mwalimu, hii Valentine ilitoka wapi? Nafundisha historia kidato cha tatu, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiwajibu kwa ile hadithi inayozunguka kwenye simu. Kasisi wa Roma, mfalme katili aliyepiga marufuku ndoa za askari, kasisi akawa anawafungisha kwa siri, akakamatwa, akampenda binti wa mlinzi wa gereza, na kabla ya kukatwa kichwa akamwachia kikaratasi kilichosema "kutoka kwa Valentino wako". Hadithi tamu. Mwaka juzi binti mmoja darasani akanyoosha mkono: "Nani aliandika hayo, na aliyaandika mwaka gani?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia anipe muda, na tangu siku ile nimekuwa nikisoma. Leo nataka nimwage nilichokipata. Naandika kwa vipande, mnivumilie.

Tuanze na mtakatifu mwenyewe. Jina Valentino lilikuwa la kawaida sana kwa Warumi, linatokana na neno lao la nguvu na afya. Wafiadini waliobeba jina hilo ni wengi, na wawili ndio waliowekwa Februari 14: mmoja kasisi wa Roma, mwingine askofu wa mji wa Terni, kaskazini ya Roma. Wote wawili wanasemekana waliuawa na kuzikwa kando ya barabara ile ile, Via Flaminia, na ndiyo maana wapo wataalamu wanaodhani ni mtu mmoja aliyesimuliwa mara mbili. Mfalme anayetajwa kwa yule kasisi ni Claudius wa Pili, aliyetawala kati ya 268 na 270. Muda huo mfupi aliumaliza vitani akipigana na Wagothi, kisha akafa kwa tauni. Sheria yake ya kuzuia askari wasioe haionekani katika kumbukumbu za Kirumi.

Habari za mateso ya Valentino ziliandikwa zaidi ya miaka 200 baada ya kifo chake. Ndani yake kuna muujiza: kasisi anamwombea binti kipofu katika nyumba ya hakimu Asterius, binti anaona, nyumba nzima inabatizwa. Ndoa za siri hazimo. Kikaratasi hakimo. Mapenzi ya mume na mke hayamo kabisa. Vitu hivyo viliongezwa na watu wa karne za baadaye, ambao tayari walikuwa wanasherehekea siku ya wapenzi na wakawa wanatafuta sababu yake.

Mwaka 1969 Kanisa Katoliki liliiondoa sikukuu yake katika kalenda ya dunia nzima kwa sababu yanayojulikana kwa hakika juu yake ni machache mno: jina, kaburi, na tarehe. Bado yumo katika orodha ya wafiadini. Ila Februari 14 kwenye kalenda ni siku ya Kirilo na Metodi, wale ndugu wawili waliowapelekea Waslavi Injili.

Swali basi: kama mtakatifu hakuwa na habari za mapenzi, mapenzi yaliingilia wapi? Nakuja.

Mtumishi77:

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Mwalimu, asante kwa uzi, lakini mbona jibu linajulikana? Hiyo ni Luperkalia, sikukuu ya kipagani ya Roma. Vijana walichomoa majina ya wasichana kwenye chungu na kukaa nao mwaka mzima. Papa Gelasio mwaka 496 akaibatiza tu, akaipa jina la mtakatifu. Kanisani kwetu tunawakataza vijana kwa sababu hiyo.

Karafuu_Mbichi:

Naweka mkeka hapa. Mwalimu endelea.

MwalimuMikese:

Mtumishi, nashukuru umelileta mapema, maana hata mimi niliamini hivyo kwa miezi kadhaa.

Luperkalia ilikuwepo, Februari 15. Makuhani walikutana kwenye pango chini ya kilima cha Palatino, pale Warumi walipoamini kwamba mbwa mwitu jike aliwanyonyesha mapacha Romulo na Remo. Walichinja mbuzi na mbwa, wakaichana ngozi ya mbuzi kuwa mikanda, wakakimbia mjini karibu uchi wakiwachapa watu. Wanawake walijitokeza wenyewe kuchapwa, wakiamini watashika mimba na kujifungua salama. Mikanda hiyo iliitwa februa, maana yake vitu vya kutakasia, na mwezi wa Februari una undugu na neno hilo. Ni kwenye Luperkalia ya mwaka 44 kabla ya Kristo ambapo Marko Antonio alitaka kumvika Julius Caesar taji mbele ya watu.

Hayo yana mashahidi wa wakati ule ule. Chungu cha majina hakina. Hakuna mwandishi hata mmoja wa Kirumi anayekitaja. Kinajitokeza kwa waandishi wa Uingereza wa karne ya 18, akiwemo padri Alban Butler aliyeandika maisha ya watakatifu. Huko Uingereza wakati huo kupiga kura ya majina usiku wa Valentine ilikuwa desturi hai, na padri akadhani desturi ya majirani zake lazima ilitoka Roma.

Papa Gelasio naye aliipinga kweli Luperkalia. Barua yake ipo, kali, anawakemea wakubwa wa Roma ambao ni Wakristo na bado wanaitaka sherehe ile. Lakini humo hasemi kwamba anaweka Valentino mahali pake. Kilichopo ni siku mbili zilizokaa jirani kwenye kalenda, watu wakaja kuziunga kwa uzi. Mwaka 1981 mtaalamu wa fasihi wa Marekani, Jack Oruch, alipitia maandishi ya zamani akakuta hakuna anayeunganisha Mtakatifu Valentino na wapenzi kabla ya mshairi mmoja wa Kiingereza wa miaka ya 1380. Karibu miaka 900 imepita tangu Gelasio hadi hapo.

Mshairi huyo ni Geoffrey Chaucer, na kwenye shairi lake wanaopendana ni ndege.

Shairi linaitwa Parlement of Foules, baraza la ndege. Siku ya Mtakatifu Valentino ndege wote wanakusanyika mbele ya Asili, aliyekaa kama malkia, ili kila mmoja achague mwenzi wake. Tai dume watatu wanamtaka tai jike mmoja. Kila mmoja anajieleza: mimi ni wa damu ya juu, mimi nimekupenda siku nyingi zaidi, mimi nitakutumikia hadi kufa. Ndege wadogo wanachoka kusubiri, bata bukini na bata wanapiga kelele, kila kabila la ndege linatoa hoja yake, kikao kinavurugika. Mwishoni Asili anamwachia tai jike aamue mwenyewe. Naye anaomba apewe mwaka mzima wa kufikiri. Anapewa. Wengine wanachukua wenzi wao, wanaimba, wanaruka.

Nililisoma hilo mara tatu. Maandishi ya kwanza kabisa ya kuiunganisha siku hii na mapenzi, na ndani yake mwanamke anasema subirini nifikiri, na hakuna anayemlazimisha.

Wengi huona shairi hili linagusa posa ya mfalme kijana Richard wa Pili kwa Anne wa Bohemia. Mkataba ulitiwa saini 1381, wakaoana Januari 1382, wote wawili hawajafika miaka 17. Kuna wanaouliza ndege gani anachagua mwenzi katikati ya Februari kwenye baridi ya Uingereza. Kalenda ya wakati ule ilikuwa imechelewa siku nane ukilinganisha na ya sasa, kwa hiyo Februari 14 yao ni kama Februari 22 yetu, na wakati huo ndege kadhaa wa kule wanakuwa wameshaanza kuimba.

Mtumishi77:

Mwalimu, nimesoma kwa utulivu. Hapo kwenye chungu nilikuwa narudia nilichoambiwa, sikuwahi kuuliza kimeandikwa wapi. Nitalisema kwenye kikao cha vijana, maana uongo haumtukuzi Mungu hata ukitusaidia kukataza. Msimamo wangu juu ya gesti na pombe za siku ile uko pale pale.

MwalimuMikese:

Hilo la gesti na pombe tuko pamoja, mtumishi. Nimezika mwanafunzi wa zamani aliyepata ajali usiku wa Februari 14.

Sasa kipande ninachokipenda kuliko vyote.

Baada ya Chaucer, watu wa makasri walianza kuitana "Valentine wangu" kwenye mashairi. Mwanamfalme wa Ufaransa, Charles wa Orléans, aliyetekwa vitani Agincourt mwaka 1415 na kukaa mateka Uingereza miaka 25, ameacha mashairi kadhaa ya siku hiyo. Lakini barua ya zamani zaidi ya Valentine iliyobaki kwa lugha ya Kiingereza haikutoka kasri lolote. Ilitoka kijiji cha Topcroft, wilaya ya Norfolk, Februari 1477. Aliyeituma ni msichana Margery Brews, kwa mchumba wake John Paston. Iko British Library mjini London hadi leo.

Na inazungumzia mahari.

Kwao mahari ilitoka kwa baba wa binti kwenda kwa muoaji. John aliona baba yake Margery, Sir Thomas Brews, anatoa kidogo. Mzee akasema hawezi kuongeza, ana mabinti wengine wa kuozesha. Mazungumzo yakakwama. Mama wa binti akafanya wanachofanya akina mama wote: akamwandikia John pembeni. Akamkumbusha kuwa Ijumaa ni Mtakatifu Valentino, siku ambayo kila ndege hujichagulia mwenzi, na kwamba akija Alhamisi jioni na kukaa hadi Jumatatu, anaamini atapata nafasi ya kuongea na mzee. Mnaona ndege wa Chaucer wameshafika jikoni kwa mama wa Norfolk, hata karne moja haijapita.

Margery mwenyewe akamwita John Valentine wake mpenzi sana. Akasema hana afya ya mwili wala ya moyo mpaka asikie habari zake. Akasema mama amehangaika kwa baba kadiri alivyoweza, mali haiongezeki, na Mungu anajua anavyoumia kwa hilo. Halafu akamwambia: kama unanipenda, kama ninavyoamini kwamba unanipenda, hutaniacha kwa sababu hiyo. Hata ungekuwa na nusu tu ya ulicho nacho, mimi nisingekuacha.

Wakuu, nimesikiliza vikao vya mahari vingi, nimekaa upande wa kutoa na upande wa kupokea. Maneno hayo nimeyaona machoni mwa mabinti waliokaa chumba cha ndani huku sisi wanaume tunahesabu ng'ombe sebuleni. Huyu aliyasema kwa barua, miaka zaidi ya 500 iliyopita. Hakutuma ua. Hakuomba zawadi. Alisema alichokuwa nacho moyoni na akamwomba mtu asimwache kwa ajili ya pesa.

Karafuu_Mbichi:

Mwalimu, ikawaje? Walioana? Usituache hapo.

MwalimuMikese:

Nitajibu, dada yangu, usiku nikitoka kwenye masahihisho. Nimalizie kwanza zawadi ziliingiaje, maana ndilo swali la wanafunzi.

Ziliingia taratibu, kwanza kwa wenye nazo. Samuel Pepys, mtumishi wa serikali aliyeandika shajara mjini London, anasema mwaka 1661 jirani yake Sir William Batten alimpelekea mke wa Pepys jozi sita za glovu, soksi za hariri na vifungio vyake, kama zawadi ya Valentine. Wake za watu walipokea zawadi kwa wanaume wengine waziwazi, kwa sababu Valentine wako alipatikana kwa kura au kwa kuwa wa kwanza kukuona asubuhi. Mwaka 1667 Pepys anaandika kwamba safari hii yeye ndiye Valentine wa mke wake na itamgharimu pauni 5, halafu anaongeza kuwa pesa hizo angezitoa tu hata wasingekuwa Valentine.

Watu wa kawaida walipata nafasi mwaka 1840, Uingereza ilipoleta stempu ya peni moja. Kabla ya hapo mara nyingi aliyepokea barua ndiye aliyelipia, na bei ilipanda kwa umbali. Sasa kwa peni moja kijana wa kiwandani aliweza kumwandikia msichana wa mji wa mbali, tena bila kutaja jina. Kadi zikafurika posta. Zikazuka na kadi za matusi, za kumkejeli mtu sura au kazi yake, ambazo ziliwaumiza wengi.

Marekani kazi hii ilikuzwa na mwanamke, Esther Howland wa Worcester, Massachusetts. Alimaliza chuo 1847, akaona kadi ya Kiingereza yenye lesi, akatengeneza za kwake, akampa kaka yake azitembeze. Alitegemea oda za dola 200, kaka akarudi na oda za dola 5,000. Akawaita rafiki zake nyumbani, wakapangana mezani: mmoja anakata, mwingine anagundisha, mwingine anaweka lesi. Miaka ya 1860 Richard Cadbury wa Birmingham akaanza kuuza chokoleti kwenye sanduku lenye umbo la moyo, na watu wakabaki na sanduku la kuhifadhia barua zao. Hata lile sanduku, jamani, kazi yake ya pili ilikuwa kutunza maneno.

Msafiri_Kyushu:

Naongeza kidogo. Nilisoma Fukuoka, Japani. Kule Februari 14 wanaotoa ni wanawake, na wanatoa chokoleti. Kuna ya moyo kwa umpendaye, na kuna ya wajibu kwa bosi na wafanyakazi wenzako. Ni kazi ya wauza chokoleti: kampuni ya Morozoff ya Kobe ilitangaza tangu 1936, ikashika kasi baada ya vita. Mwishoni mwa miaka ya 1970 duka la keki la Fukuoka hapo hapo, Ishimura Manseido, likaanzisha siku ya wanaume kurudisha, Machi 14, kwa mashmelo nyeupe. Ndiyo ikawa Siku Nyeupe. Ile ya wajibu iliwachosha dada zetu ofisini, walikuwa wanapanga bajeti ya watu wasiowapenda.

BintiKongoni:

Hamjambo nyote. Mimi ni wa Naivasha, nimefanya kazi ya maua miaka kumi na mmoja, kwanza grinihausi, baadaye bandani pa kufungashia. Mwalimu ameeleza ya kale, acheni nieleze Valentine yetu.

Yetu huanza Novemba. Mwishoni mwa Novemba na mwanzo wa Desemba waridi jekundu linakatwa kwa hesabu, ili machipukizi yachukue wiki nane hadi kumi na yote yafike pamoja mwisho wa Januari. Ukikosea siku tatu, ua limefunguka kabla ya soko au limebaki kichwa kidogo. Baridi ya usiku ikizidi linachelewa. Kwa hiyo Januari yote supavaiza anatembea anahesabu vichwa, na sisi tunaangalia mawingu.

Kuanzia tarehe 25 Januari hakuna Jumapili. Unavuna likiwa bado limefunga, rangi ndiyo imeanza kuonekana juu. Linaingia majini papo hapo, linaenda chumba cha baridi, digrii mbili hadi nne. Bandani tunapima shina kwenye ubao wenye alama, sentimita 40, 50, 60, tunatoa majani ya chini, tunafunga shada la kumi au ishirini. Unasimama saa kumi, mikono imechanika kwa miiba, koti mbili mwilini. Usiku lori linapanda kwenda uwanja wa ndege Nairobi, kesho yake maua yako Amsterdam. Mengi yanaenda mnada wa Aalsmeer, ambako bei inaanzia juu inashuka kwenye saa kubwa, na anayebonyeza wa kwanza ndiye mnunuzi. Tarehe 14 yenyewe sisi tunakuwa tumepumzika. Valentine yetu huisha tarehe 10.

Ile ya 2008 sitaisahau. Mwisho wa Januari vita vya baada ya uchaguzi viliingia Naivasha. Wenzetu wengi, hasa waliotoka magharibi mwa nchi, walikimbilia kituo cha polisi na watoto. Maua yalikuwa yameiva na hayangoji. Malori yalisindikizwa na polisi hadi Nairobi. Tuliobaki tulikuwa tunafunga mashada, pembeni yangu kuna nafasi tatu za watu waliokuwa wakisimama hapo kila siku. Yalifika Ulaya, watu wakapeana. Nilikuwa nawaza, huyu anayenusa ua hili sasa hivi laiti angejua limepita wapi. Sikuwa na hasira naye. Nilitaka tu ajue.

Nyumbani mume wangu hajawahi kuniletea ua, na mimi sitaki, harufu ya dawa iliniishia puani. Februari moja alinunua mtungi wa gesi kwa sababu aliniona nikitoka zamu usiku kisha napuliza makaa. Nauhesabu huo.

MwalimuMikese:

Dada Kongoni, Jumatatu naisomea darasa hii uliyoandika, kama umeniruhusu. Na huo mtungi ni wa Pepys kabisa: pesa ambayo ingetoka tu, ila imetoka siku ile, kwa mtu yule, kwa kuwa kuna aliyekuangalia.

BintiKongoni:

Soma, mwalimu. Waambie pia kwamba mikono inayofunga hayo mashada mingi ni ya wanawake. Na Februari 14, 2024, wanawake wa Nairobi walikusanyika jioni Chuo Kikuu, wengi wamevaa nyeusi, na mishumaa, kuwakumbuka wanawake waliouawa Kenya mwanzoni mwa mwaka ule. Waliuita mkesha ule Valentine ya giza. Wapo waliouawa na watu waliowahi kuwaita wapenzi. Ukimfundisha mtoto chimbuko la siku hii, mfundishe na yule tai jike aliyeomba mwaka akapewa.

Mtumishi77:

Amina kwa hilo, dada. Hilo nitalihubiri.

BiMkubwaNgamiani:

Wanangu, shikamooni sisubiri, mmenikosesha usingizi. Mjukuu wangu ndiye ananichapia hapa, mimi nasema.

Sisi Tanga hatukuwa na hiyo Valentine. Lakini hilo la maneno kutangulia zawadi tulikuwa nalo. Mwaka 1974 kuna kijana bandarini alikuwa ananitaka, na baba yangu alikuwa mkali, hupeleki barua nyumba ile ukabaki salama. Akamtuma dada yake na doti ya kanga. Nikaifungua, nikasoma: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Nikaikunja haraka mama asione, ingawa mama alishaona, maana kanga haisomwi na mmoja. Jina la kanga ndiyo kanga. Ukipewa nzuri kwa rangi na jina lake baya, umetukanwa.

Nilikaa nayo wiki mbili. Halafu nikaenda dukani kwa Mhindi barabara ya kumi na mbili, nikapekua doti moja baada ya nyingine mpaka muuzaji akachoka, nikapata niliyoitaka. Nikajifunga, nikapita njia ya bandarini saa wanapotoka kazini. SUBIRA YAVUTA HERI. Sikumsemesha. Alisoma, akanyamaza, akasubiri. Alisubiri mwaka na miezi, hadi wazee walipokuja na barua ya posa. Kanga ile imechanika, imebeba watoto watano mgongoni, kipande chenye jina ninacho kwenye sanduku.

Karafuu_Mbichi:

Bibi, shikamoo. Nimelia hapa kwenye daladala.

MwalimuMikese:

Shikamoo bibi. Chaucer alimpa tai wake mwaka mmoja, na wewe Ngamiani uliuchukua kwa kanga. Naomba ruhusa na hiyo niisome darasani.

BiMkubwaNgamiani:

Marahaba. Isome, lakini usilitaje jina la babu yao.

MwalimuMikese:

Nimemaliza masahihisho. Karafuu, jibu lako.

Walioana, mwaka ule ule wa 1477. Aliyefungua mlango ni mama yake John, Margaret Paston, mjane mwenye msimamo, aliyewakatia wawili hao shamba lake la Sparham ili wawe na pa kuanzia. Kaka mkubwa wa John alinung'unika, maana aliona urithi unamegwa, lakini harusi ikafungwa.

Na barua hazikuishia kwenye uchumba. Ipo nyingine ya Margery, ameshakuwa mke na mama. Mumewe yuko London kwa shughuli za mashamba na kesi zao zisizoisha, naye yuko nyumbani Norfolk akisimamia mambo. Si Februari, ni mwanzo wa Novemba. Anampa habari za nyumba, nani amekuja, nani kasema nini. Mwishoni, baada ya shughuli zote hizo, anamwomba: kama utakawia London, tafadhali nitumie mtu anilete, kwa maana naona ni siku nyingi tangu nilale mikononi mwako.